Meno ya Idrisa

Kidole chako si kifaa cha kazi. Nyie wajukuu zangu mnaoingia kwenye kazi ya meno ya watoto, hasa watoto ambao miili yao haiwatii, anzeni na hilo. Mjukuu wangu wa damu, Rukia, yuko chuoni anasomea meno, na acha nijisifu mapema yaishe: katika ukoo wetu mzima wa Tandika hakuna aliyewahi kuvaa koti jeupe ila yeye. Basi huyo Rukia ananitania kwamba kidole changu cha shahada kimepinda kama ndoana. Ni kweli. Kilipindishwa na mtoto ambaye hajaanza hata chekechea, kule kliniki yetu Mwenge, siku niliyojitia kumsaidia daktari kumfungua mdomo.

Mtoto mwenyewe hakuwa mkorofi. Alikuwa na mtindio wa ubongo, na taya la watoto wale ukiligusa vibaya linajifunga lenyewe kama mtego wa panya, na kufungua lenyewe haliwezi. Nilipiga ukelele, mama mmoja aliyekuwa nje akambeba mwanawe akaondoka zake. Alidhani aliyekuwa anang'olewa ni mimi.

Kwa hiyo chukueni vijiti vile vya kubonyezea ulimi, viwili au vitatu kwa pamoja, mviviringishie bandeji, mfunge kwa plasta. Unapitisha pembeni, kule kwenye magego, si mbele. Mtoto atang'ata kijiti atakavyo. Wewe utakwenda nyumbani na vidole vyako vyote vimenyooka.

Mie sikuwa daktari wala nesi. Niliingia pale kufagia. Nilisoma mpaka darasa la nne, baba akasema yatosha, nikaolewa. Aliyenitoa kwenye fagio ni Dokta Sakina, mwenye kliniki. Huyu ni Mhindi wa Kishia, kwao ni watu wa maduka ya vitambaa toka enzi za babu yake, lakini yeye akapenda meno. Kiswahili chake ni cha hapahapa Dar, tena akikasirika hakusemi kwa Kigujarati, anakusema kwa Kiswahili ili kikuingie. Siku moja aliniona mapokezi nimempakata mtoto aliyekuwa anapiga kelele tangu asubuhi, na mtoto kanyamaza. Akasimama mlangoni na glovu zake mkononi.

"Bi Tatu, umemfanya nini?"

"Sijamfanya kitu. Nimemshika kichwa."

"Weka fagio. Njoo ushike kichwa huku ndani."

Nikashika vichwa mpaka nikastaafu. Watu wanacheka nikisema hivyo, wanaona si kazi. Haya, jaribuni kumshika kichwa mtoto ambaye shingo yake haina nguvu, asiumie, asijikunje, asipaliwe na mate, asione sindano, na daktari apate mwanga. Mkono mmoja chini ya kisogo, mwingine kwenye taya, kifua chako karibu na sikio lake asikie unavyohema. Ukihema haraka na yeye atahema haraka. Mie nilijifunza kuhema polepole hata siku ambazo roho ilikuwa inakimbia.

Zamani tulikuwa tunamfunga mtoto shuka, mwili mzima, kimebaki kichwa tu. Kila kliniki ilifanya hivyo, na mama mtu anasaidia kuvuta pindo. Shuka lile lilikuwa linatufaa sisi, si mtoto. Dokta Sakina ndiye aliyelipiga marufuku kwa watoto wa ugonjwa wa misuli. Alisema mtoto wa namna hiyo pumzi yake ni ya kukopa, misuli inayovuta kifua nayo imechoka, sasa wewe unamkaza shuka juu ya kifua, unataka nini? Ndipo tukaanza kuwaweka mapajani mwa mama zao, nusu wameketi, taulo limeviringishwa chini ya shingo. Usimlaze chali. Hata ukiwa na haraka, hata mgongo ukikuuma. Akilala chali ulimi unarudi nyuma na mate yanafuata njia ya pumzi. Mashine ya kunyonya mate isitoke mdomoni. Na waiteni asubuhi, wakiwa wametoka kulala, maana mchana taya limeshachoka kama miguu ya mchuuzi.

Jambo jingine ni utamu. Mtoto mgonjwa uswahilini kwetu ana marafiki wengi wa pipi. Kila jirani anayepita anamwonea huruma: mpe biskuti, mpe juisi, maskini, apate na yeye raha ya dunia. Halafu dawa zenyewe za maji zina sukari, anapewa akiwa tayari kitandani, na hana nguvu ya ulimi kusafisha mashavu. Chakula kinakaa pale kwenye ufizi mpaka asubuhi. Huwezi kumkataza jirani huruma. Mwambie mama achukue kitambaa safi, akiloweshe maji, akikamue, apanguse ndani ya mashavu kila baada ya dawa na kila baada ya chakula. Hiyo haihitaji nguvu ya mtoto wala umeme. Na kama mtoto ana kifafa, muulizeni mama ni dawa gani anatumia, kuna nyingine zinavimbisha fizi mpaka zinafunika meno, mama anadhani ni uchafu anasugua hadi damu.

Sasa nawaambia habari ya Idrisa. Haya mengine yote yameandikwa vitabuni, Rukia ameniambia.

Idrisa aliletwa na mama yake kutoka Madale, kabebwa mgongoni ingawa alikuwa mkubwa wa kuchunga ng'ombe. Miaka kama tisa. Alikuwa na ule ugonjwa wa watoto wa kiume ambao misuli inaisha kidogo kidogo, miguu kwanza, halafu mikono, halafu ndani. Alikuwa ameacha kutembea mwaka uleule. Mdomo ulikuwa mwingi kuliko mwili, anakuita jina kabla hujamwamkia. Mashine ya mate akaiita nyoka mwenye kiu. Dokta akamwita Dokta Koleo. Mimi akanitazama hapo nilipomshika, uso juu chini, akasema, "Wewe utakuwa Bibi Meno. Ila mwenyewe mbona huna la pembeni?"

"Nimelila na wali," nikamwambia.

"Basi wewe ndio unapaswa kukaa kwenye hiki kiti."

Mama yake, Mwajuma, akainama kwa aibu. Mie nikacheka mpaka Dokta akaniambia nitulize mikono.

Kilichomo mdomoni hakikuchekesha. Magego yake ya kudumu yametoboka, mawili kwa chini, moja juu. Jino la mbele, la kudumu pia, lilivunjika alipoanguka siku za mwisho za kutembea, na mzizi umeoza, ufizi una jipu. Hali kitu zaidi ya uji. Na mtoto wa ugonjwa ule akikonda, nguvu kidogo aliyonayo inakwenda na mwili. Dokta Sakina alimweleza mama mtu waziwazi: "Nikiyafanya akiwa macho nitayang'oa tu, maana hawezi kukaa mdomo wazi nikamtibu mzizi. Akilazwa usingizi hospitali kubwa, nitayaziba yote manne siku moja, atakaa nayo maisha yake. Lakini usingizi kwa mtoto huyu si mchezo. Lazima tujipange."

Ndilo lililokuwa linagombaniwa, msije mkapotea njiani: meno manne ambayo yakitoka hayaoti tena, kwa mtoto ambaye kila kitu kingine mwilini kilikuwa kinamtoka.

Tukajipanga. Akapimwa moyo, akapimwa kifua. Daktari wa usingizi, kijana mpole wa Kinyakyusa, akasoma kila kitu kuhusu ugonjwa ule, akasema kuna dawa za usingizi ambazo huyu haguswi nazo kabisa, atatumia nyingine. Ikatakiwa kitanda chenye mashine ya kupumulia kiwe wazi siku hiyo, endapo akichelewa kuamka. Kitanda kile kilikuwa kinagombewa na hospitali nzima. Dokta Sakina alikwenda na kurudi hadi walinzi wa getini wakawa wanamuuliza habari za nyumbani. Tarehe ikapatikana.

Asubuhi ya siku yenyewe Dokta akanichukua niende nikamshike Idrisa mpaka apitiwe na usingizi, maana alishasema hamtaki mtu mwingine. Nikawakuta kwenye benchi nje ya thieta, chumba cha upasuaji: Idrisa kwenye kigari chake, kavishwa gauni la hospitali, Mwajuma, na bibi yake mzaa mama, Bi Kidawa. Huyu nilikuwa namjua kwa kumuona kliniki mara moja moja. Mwanamke wa pwani hasa, kwao Mtoni, mtu wa kusema na kucheka, tuliivana tangu siku ya kwanza.

Nesi akapita na maswali yake.

"Mtoto amekula?"

"Hajala," akajibu Mwajuma.

"Amekunywa?"

"Hajanywa," akajibu Bi Kidawa.

Nesi akaenda zake. Mwajuma naye akaitwa dirishani kujaza karatasi. Bi Kidawa akanisogelea mpaka mabega yakagusana, uso unang'aa.

"Bi Tatu, leo sina wasiwasi hata chembe. Nimemwandikishia kombe la nguvu. Nimemnywesha alfajiri, mama yake anaoga. Kikombe kizima."

"Kikombe kizima?"

"Kizima! Unamjua na kiburi chake, zafarani haipendi. Nikamwoshea kwa maziwa na asali. Kakimaliza na kulamba kalamba."

Kwa nyie mliokulia mbali na kwetu: kombe ni aya zinazoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zinaoshwa, mgonjwa anakunywa yale maji. Mie nimekunywa kombe, wanangu wamekunywa, na ningekuwa mimi naingia kisuni ningeomba nipewe. Lakini kombe la watu wengi ni maji. La Idrisa lilikuwa maziwa.

"Na nesi alivyouliza kama kanywa?" nikamuuliza.

"Si hajanywa! Maji hajanywa, chai hajanywa. Kombe nalo utaliita kinywaji? Yale maneno ya Mungu, mwanamke wewe."

Hakuwa anadanganya. Ungemshikisha msahafu angeapa. Wiki nzima tulikuwa tunawaambia asile asinywe, asile asinywe, na katika wote sisi, wenye koti jeupe na mimi wa pwani mwenzake, hakuna aliyefikiria kwamba kuna kitu kinaingia mdomoni ambacho mtu hakihesabu kuwa chakula wala kinywaji.

Nikakaa. Idrisa alikuwa anamuuliza mhudumu mwingine kama kitanda chenye magurudumu kinaweza kushindana na bajaji. Nilikuwa nimemuona mtoto yule akipaliwa na kijiko cha maji pale kwetu Mwenge. Kikohozi chake kilikuwa kama cha paka, kikavu, kidogo, hakitoi kitu. Nikawaza maziwa yale yakipanda akiwa amelala. Nikawaza pia kitanda kile cha mashine, na Dokta alivyokipigania, na yale meno manne. Kama nikinyamaza, pengine hakipandi kitu, anaamka, anakula ubwabwa wiki ijayo. Pengine. Neno hilo nililitafuna pale benchini mpaka likawa chungu.

Nikainuka.

"Unakwenda wapi?" akaniuliza Bi Kidawa.

"Kwa Dokta."

Aliyasoma machoni mwangu. Akanishika mkono. "Bi Tatu. Nimekuambia wewe. Sikumwambia nesi, nimekuambia wewe."

"Najua, dada yangu."

Nikaenda nikasema.

Dokta Sakina alifumba macho kidogo, akamwita daktari wa usingizi. Yule kijana akaja akachuchumaa mbele ya Bi Kidawa, kama anavyotakiwa mtoto mwenye adabu.

"Shikamoo bibi. Maziwa yalikuwa mengi?"

"Marahaba. Kombe, si maziwa."

"Kombe la maziwa. Bibi, dawa yangu inalegeza na koo. Kilichopo tumboni kikipanda kinaingia kifuani. Mtoto mwingine atakikohoa. Huyu atakohoa kwa nguvu gani?"

"Kwa hiyo maneno ya Mungu ndiyo yatamuua mjukuu wangu?"

"Maneno hapana, bibi. Maziwa."

Mwajuma akarudi kutoka dirishani akakuta hivyo. Aliomba tusubiri mpaka mchana. Daktari akasema tumbo nalo ni misuli, la Idrisa linamwaga taratibu, hawezi kujua limebaki na nini, na kitanda cha mashine mchana kimeshaahidiwa mtoto mwingine. Basi. Tarehe ikaenda pale pale, mbele ya mlango wa thieta. Mwajuma akamgeukia mama yake akasema neno moja tu, "Mama," nikaona ni bora angemtukana.

Bi Kidawa hakumjibu mwanawe. Alinijibu mimi, kwa sauti ya benchi zima. "Nimekupa siri ya nyumbani kwangu ukaenda kuimwaga kwa watu! Mswahili mwenzangu! Ungekuwa Mzungu nisingeshangaa."

Nikamwinamia Idrisa nimfunge kamba za gauni lililofunguka. Akaninong'oneza, "Kwa hiyo leo hayatengenezwi?"

"Leo hapana, mume wangu."

Akafikiri kidogo. "Bibi Meno, si ungesubiri kwanza nilale, ndio uwaambie?"

Nimesikia maneno mengi kwenye kile kiti changu cha kushikia vichwa. Hilo ndilo linalonirudia nikiwa naosha vyombo.

Tarehe nyingine haikuja haraka, na kabla haijaja mvua zilianza, Idrisa akapata homa ya mapafu. Akalazwa, akatoka, lakini kifua alichotoka nacho hakikuwa kile alichoingia nacho. Yule daktari wa usingizi akampima upya, akatuita, akasema kwa upole wake kwamba sasa hathubutu. Akimlaza anaweza asimrudishe. Mlango ulikuwa wazi kipindi, ukajifunga, na siku ulipokuwa wazi tulikuwa tumesimama mbele yake.

Jipu lile halikungoja mtu. Yakabaki ya kufanya akiwa macho, Mwenge, kwenye kiti chetu, moja moja. Dokta alijaribu kuliokoa la mbele. Alianza kutibu mzizi, Idrisa akajitahidi, taya likatetemeka, akapaliwa, tukasimama, tukaanza, akapaliwa. Mara ya tatu Dokta akaweka vifaa chini akavua miwani.

"Linatoka," akasema.

"Toa tu, Dokta Koleo," akasema Idrisa, machozi yanamwingia masikioni kwa vile nilivyomshika. "Nimechoka kufungua."

Likatoka. Baadaye yakatoka na magego, kila moja kwa siku yake, asubuhi, ganzi kidogo kidogo, taulo chini ya shingo, nyoka mwenye kiu kazini, mie nahema polepole. Kazi ilikuwa safi. Katika maisha yangu sijawahi kushika kichwa vizuri kuliko nilivyoshika kile, na kila tulichofanya vizuri kilikuwa ni kuondoa kitu tulichotakiwa kukitibu.

Bi Kidawa alikuwa anakuja kila safari na kukaa nje. Hanisalimii. Siku ya gego la mwisho nilimtokea na bakuli la maji ya baridi ya mtoto kusukutua, akalipokea, akanitazama sawasawa.

"Ungenyamaza angelala, angeamka, na meno yake angekuwa nayo."

Wajukuu zangu, nimelifikiria hilo kuliko nilivyofikiria ndoa yangu. Pengine ni kweli. Pengine angelala akaamka. Pengine tungekuwa tumemzika, na Bi Kidawa angelia kwangu badala ya kunichukia, na mie ningejua kwamba nilijua nikanyamaza. Ni lipi kati ya hayo, yeye hajui. Dokta Sakina nilimuuliza, akasema, "Bi Tatu, hata mimi sijui, na ningekuwa wewe ningesema." Nilishukuru. Haikunipunguzia kitu. Mnafundishwa huko chuoni kwamba ukifanya lililo sawa utalala vizuri. Nani aliwaambia?

Tulichokibadilisha ni swali. Tangu hapo kliniki yetu haiulizi amekula, amekunywa. Tunakaa na mtu mzima wa nyumbani, si mama peke yake, na bibi, na shangazi, na yeyote anayeamka mapema kuliko wengine. Tunauliza: nini kimepita kwenye mdomo wa huyu mtoto tangu jana jioni? Dawa? Maji ya dua? Zamzam? Kombe, limeoshwa kwa nini? Mafuta ya upako, kalamba? Kipande cha ekaristi? Na tunawaambia mapema, wiki kabla: kombe mwandikieni, lakini anywe leo, au mpakeni mwilini. Hakuna aliyewahi kukataa. Hata mmoja. Lilikuwa jambo la kuulizwa tu. Bi Kidawa naye angekubali, ningemuuliza angenipiga kofi la mgongo akasema, kumbe, basi nitamnywesha siku moja kabla.

Nimeshastaafu. Mgongo ulinikatalia kuinama. Idrisa yupo, ndevu zinamchungulia, sauti imekuwa nzito, mdomo ni uleule. Sikukuu iliyopita Mwajuma alinipigia simu, akasema njoo Madale ule pilau, Idrisa anakutaja. Nikavaa, nikaenda, nikawakuta sebuleni. Binamu yake wa kike kamshikia simu mbele ya uso wanaangalia vichekesho, maana mikono yake sasa haipandi, inakaa mapajani alipowekewa. Bi Kidawa pembeni yake kwenye mkeka, kazeeka, kama nilivyozeeka mimi. Tukaamkiana kama watu wa mtaa mmoja wasiopeana vyombo.

Kikatokea cha kuchekesha kwenye simu, Idrisa akaangua kicheko. Hapohapo Bi Kidawa akanyanyua upindo wa mtandio akamziba mdomo, upesi, kama anafukuza nzi. Kicheko kikaisha, akaushusha. Kikaja kingine, akanyanyua tena. Nikamtazama Mwajuma.

"Ana aibu na mapengo," akaniambia. "Zamani alikuwa anajiziba mwenyewe kwa kiganja. Tangu mikono ikatae, bibi yake ndio anamziba."

"Idrisa, mapengo ndio ya kufichia watu wa nyumbani?" nikamwambia. "Mie langu la pembeni uliniambia mbele ya daktari."

"Wewe ni bibi, Bibi Meno. Mie nina watu wa kuniangalia." Binamu yake akamzomea, naye akataka kucheka, akamgeukia bibi yake kwanza. Bibi akawa ameshanyanyua.

Nilipokea sahani yangu, nikaishika mkononi. Adhana ya adhuhuri ikaita. Bi Kidawa akajikongoja kuinuka, akashika goti, akauvua ule mtandio akanirushia mapajani.

"Naenda kuswali," akasema. "Wewe ndiye uliyemkosesha meno, njoo umfunike."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama unavyomwambia mtu akuangalizie chungu jikoni. Nikaweka sahani chini, nikahamia kwenye mkeka, mahali pake palikuwa bado pana joto.

"Uwe fasta," Idrisa akaniambia. "Mie nachekaga ghafla."

Nikakamata upindo wa mtandio. Binamu yake akafungua video nyingine. Sikuiangalia. Nilimwangalia yeye usoni, nikingoja acheke.